Simu Katika Mtoto wa Meza

Meza niliyoitumia nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu ilikuwa ya mninga, nzito, yenye watoto watatu upande wa kulia. Katika mtoto wa juu niliweka mihuri, katika wa kati barua za siri, na katika wa chini, kuanzia mwaka 2003 hivi, niliweka simu za mkononi nilizowanyang'anya wanachuo. Kila simu niliifunga kwa mpira pamoja na kikaratasi chenye jina la mwenyewe, nami niliiona kazi hiyo kuwa sehemu ya malezi. Ipo siku moja ya mwaka 2004 iliyonifanya niitazame meza ile kwa jicho jingine. Lakini siwezi kuieleza siku hiyo bila kueleza kwanza redio ya marehemu baba yangu, kwa sababu kwangu mambo hayo mawili ni jambo moja. Basi msomaji anivumilie nianze mbali kidogo.

Nilizaliwa mwaka 1950 katika kambi ya shamba la mkonge karibu na Muheza, mkoani Tanga. Baba alikuwa karani wa kuandika mahudhurio ya vibarua. Siku hizo mkonge ulikuwa dhahabu yetu. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000, na hapakuwa na nchi duniani iliyotupita. Kambini walikaa watu waliotoka Songea, Kigoma, Ruanda-Urundi na ng'ambo ya Ruvuma, kila mmoja na lugha ya mama yake, na Kiswahili kikawa cha wote. Redio kambi nzima ilikuwa moja tu, ya dresa wa zahanati. Ilikuwa sanduku la mbao lenye taa za kioo ndani yake, ikila betri kubwa kama tofali. Sauti ya Dar es Salaam ilikuwa imeanza kutangaza mwaka 1951, ikisikika mjini na vitongojini tu, na mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 watu walijaa uwanjani mbele ya nyumba ya dresa. Nilikuwa na umri wa miaka 11, nimekaa juu ya bega la binamu yangu. Sikusikia vizuri maneno yaliyosemwa. Nilichosikia ni kimya cha watu wazima mia mbili au zaidi, jambo ambalo sikuwa nimelisikia hata msibani.

Kilichoifanya redio itoke kwa dresa na kuingia nyumbani kwetu kilibuniwa Marekani, katika maabara ya Bell, mwaka 1947. Ni kidude kidogo kiitwacho transista, kinachofanya kazi ya ile taa ya kioo bila kupata joto na bila kula betri nyingi. Mwaka 1954 redio ya kwanza ya transista iliuzwa huko Marekani kwa dola 49.95, na baada ya miaka michache Wajapani wakazitengeneza kwa wingi na kwa bei nafuu. Baba alinunua yake mjini Tanga mwaka 1963, dukani kwa Mhindi mmoja, baada ya kudunduliza kwa miezi mingi. Ilikuwa na koti la ngozi lenye vitundu upande wa spika. Mama aliifumia kitambaa cheupe cha kuifunika, na juu ya kitambaa hicho hapakuruhusiwa kuwekwa kitu chochote, hata kikombe.

Lakini angalia ilipowekwa. Baba aliiweka dirishani, uso wake ukitazama nje. Hakufanya hivyo kwa kujionyesha tu, ingawa sitasema kwamba hakuna majivuno yaliyokuwemo. Jirani mwenye masikio hawezi kuzuiwa asisikie, na mtu aliyefunga dirisha wakati wa taarifa ya habari angesemwa kambi nzima kwamba ni mchoyo. Walikuja na vigoda vyao. Waliosikia vibaya waliulizana: "Kasemaje?" na aliyejua kidogo alimwelewesha asiyejua. Nathubutu kusema kwamba nusu ya elimu tuliyoipata haikutoka redioni hata kidogo, bali katika ubishi uliofuata baada ya redio kuzimwa.

Na ilizimwa mapema, kwa sababu ya betri. Kijana wa leo hawezi kujua heshima ya betri. Ikichoka iliwekwa juani ili ipate nguvu ya jioni moja zaidi. Ikichoka tena iling'atwa kwa meno pembeni. Ikifa kabisa mimi niliipasua, nikatoa ule weusi wa ndani. Nilipokuwa mwalimu shule za vijijini nilifanya hivyo hivyo pamoja na wanafunzi wangu. Weusi ule ulitwangwa pamoja na majani mabichi, ukapakwa ubaoni, na ubao uliokuwa umefifia ukawa mweusi tena. Leo tunaambiwa, na ni kweli, kwamba vitu vya ndani ya betri si vya kuchezewa kwa mikono mitupu. Hatukujua. Nasema tu kwamba kifaa kile hakikuwa na siri kwetu. Ikiharibika, fundi alikaa chini ya mwembe na jiko la mkaa, akapasha moto kipande chake cha shaba, akaifungua redio mbele ya macho yetu, akachomea risasi penye waya uliokatika. Mtoto aliyependa aliweza kuchungulia. Wengine miongoni mwa watoto hao baadaye walikuwa mafundi wenyewe.

Sasa nisije nikaisifu redio ile mno, maana wazee tuna ugonjwa huo. Mwaka 1965 lile shirika lilivunjwa, ikawa Redio Tanzania Dar es Salaam, idara ya serikali, na kwa karibu miaka thelathini huku Bara hatukuwa na sauti nyingine ya nyumbani. Sauti hiyo iliweza mambo makubwa. Mwaka 1973 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi wilayani Handeni ilipofanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kitabu, wakajadili malaria, kichocho, minyoo, kuhara na kifua kikuu, kisha wakashika majembe. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa, nami nilikuwa mmoja wao. Kikundi changu kilikuwa na watu 14. Mzee mmoja alikataa katakata kuchimba choo, kwa hoja kwamba hawezi kukaa juu ya shimo alilokaliwa na mkwewe. Tulijadili jambo hilo wiki mbili. Hatimaye alichimba cha kwake peke yake, mbali kabisa, kizuri kuliko vyote.

Lakini sauti hiyo hiyo, mwaka uleule wa 1973 na miaka miwili mitatu iliyofuata, ilitangaza kwamba wananchi wanahamia vijijini kwa furaha. Niliwaona wakihama. Wengine walihama kwa furaha, ndiyo. Wengine niliwaona wakikaa juu ya vyungu vyao kando ya barabara, mvua inanyesha, na nyumba walizotoka zimeezuliwa mapaa ili wasirudi. Jioni tulisikiliza taarifa ya habari pamoja, wao na mimi, na hakuna aliyeuliza: "Kasemaje?" Redio haikuwa na mahali pa kusemea. Ilikuwa na mdomo tu.

Ilikuwa pia na saa ya msiba. Wasomaji wa rika langu wataikumbuka saa hiyo ya matangazo ya vifo, wakati mama aliyekuwa akichambua mchele aliuacha mkono wake hewani hadi orodha ikaisha. Fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani; habari ziwafikie fulani na fulani, popote walipo. Mwaka 1982 nilikuwa mkufunzi chuoni mkoani Ruvuma. Nilikuwa nakula chakula cha usiku pamoja na wenzangu watatu, redio ikiwa juu ya kabati, nikasikia jina la baba yangu, kisha jina langu. Mwenzangu mmoja aliinuka akaizima redio, kana kwamba angeweza kuyarudisha maneno.

Msomaji asiyeikumbuka miaka ile hatajua safari ilikuwaje. Mafuta hayakuwapo, mabasi yalikuwa machache na barabara ya kutoka Songea ilikuwa vumbi na makorongo. Nilitumia siku nne. Nilifika kwetu nikakuta kaburi limekwisha kumwagiwa maji na udongo umeanza kupasuka. Telegramu niliyotumiwa na kaka yangu ilifika chuoni wiki moja baada ya mimi kuondoka. Ndugu zangu walinipa redio ile ya koti la ngozi kuwa sehemu ya urithi wangu, na ninayo hadi leo.

Televisheni naipita upesi, kwa kuwa nayo ilitupita kwa mbali. Zanzibar waliipata mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati Bara serikali iliona kwamba ni anasa ya wachache wa mjini. Sisi tulisubiri hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza. Nilinunua seti yangu mwaka 1998. Tuliiweka sebuleni, uso wake ukitazama ndani, na pazia likashushwa ili picha ionekane vizuri. Majirani waliotaka kutazama walibisha hodi. Ni tofauti ndogo, sikuitambua wakati ule.

Mwaka huohuo wa 1994 simu za mkononi zilianza Dar es Salaam, nazo zilikuwa za wafanyabiashara na wakubwa. Baada ya mwaka 2000 kampuni ziliongezeka na minara ikaanza kuota juu ya vilima. Mwaka 2003 ikatoka Nokia 1100, ndogo, isiyoogopa vumbi, yenye tochi kichwani. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na mimi naamini ile tochi ndiyo iliyoziuza kwetu. Wanachuo wangu walianza kuzileta. Mimi niliona ndani ya simu ile mambo matatu: uvivu, uchumba na majibu ya mtihani. Nikaandika tangazo, nikaligonga muhuri.

Kijana ninayetaka kumsimulia alikuwa mwaka wa pili, mtaratibu, wa somo la hisabati. Usiku mmoja umeme ulikatika wakati wa prepu. Nilipita madarasani nikaona mwanga mdogo dirishani. Alikuwa ameishika simu kwa meno, tochi ikimulika daftari, mikono yake yote miwili ikifanya hesabu. Mwalimu mwenye busara angesimama akamtazama kwa fahari. Mimi nilinyosha mkono. Akanipa bila neno, akasema tu: "Naomba usiizime, Mkuu. Mama ni mgonjwa." Nikamjibu kwamba wote mama zao huwa wagonjwa wakinyang'anywa simu.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa naandika ripoti. Simu ikaanza kutetemeka ndani ya meza, juu ya ubao mtupu, ikinguruma kama mende aliyefunikwa kwa sahani. Ikanyamaza, ikaanza tena. Ilinikera. Nilivuta mtoto wa meza, nikaitafuta kati ya simu ishirini na ngapi, nikaizima. Siku ya tatu alikuja mjomba wake kwa basi, ana vumbi hadi kwenye nyusi. Hakunigombeza. Alinisalimu kwa heshima zote, akakaa, akasema: "Tulipiga, Mwalimu. Mgonjwa alimtaka mwanawe. Tulipiga siku mbili." Walikuwa wamekwisha kuzika jana yake.

Mimi niliyesikia jina la baba yangu redioni, niliyesafiri siku nne kulitazama kaburi, ndiye niliyefanya hivyo. Na mwaka 1982 ningeweza kulaumu mafuta, barabara, shirika la simu, nchi maskini. Safari hii kila kitu kilikuwa kimefanya kazi yake. Mnara ulisimama, sauti ilisafiri, ikafika hatua mbili kutoka kwenye goti langu. Kilichokosekana ni mtu wa kuipokea. Sikuweza kumwambia kijana yule neno lolote. Nilimpa nauli na ruhusa ya wiki mbili, nikamrudishia simu yake, na tangazo langu likabaki ubaoni mpaka mwaka uliofuata. Wanachuo walipata kuruhusiwa simu mabwenini baadaye, nikasema ni kwa sababu nyakati zimebadilika.

Tangu hapo nimekuwa nikivitazama vifaa hivi kwa swali moja: vinamtii nani? Redio ya baba ilimtii aliyenunua betri, hata kama maneno yalikuwa ya mwingine. Simu ya kijana yule ilitii kampuni ya vocha, na kwa siku tatu ilinitii mimi. Mwezi wa Juni 2016 simu bandia zote nchini zilizimwa kwa amri, na jirani yangu mmoja aliamka akakuta yake ni kipande cha plastiki. Sisemi kwamba haikuwa halali, tulionywa mapema. Nasema tu kwamba nilishangaa kujua kwamba inawezekana. Siku hizi yako mambo zaidi. Kijana wa bodaboda anayenipeleka zahanati amekopeshwa simu kwa malipo ya kila siku. Siku asipolipa, simu inajifunga yenyewe mfukoni mwake. Aliwahi kusimama kituoni saa nzima, abiria wake wa kawaida wanampigia hawampati, na kwa kuwa hawampati hana fedha ya kuifungua. Nilimpa shilingi elfu mbili, akaniamkia mara mbili.

Tena simu hizi mpya hazifunguliwi. Betri imegandishwa ndani kwa gundi. Fundi wetu wa mjini ni hodari, anapasha moto kioo kwa hewa, anakibandua kama mtu anayemenya ndizi, lakini mtoto hawezi tena kuchungulia akaelewa. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria mwaka 2023 kwamba kuanzia Februari 2027 mtumiaji wa kawaida aweze mwenyewe kutoa na kubadilisha betri katika vifaa vinavyouzwa huko. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Wanarudi chini ya mwembe.

Na sasa kimekuja kifaa cha tatu. Redio ilisema, simu iliita, hiki kinajibu. Mjukuu wangu wa kidato cha tatu anakiuliza maswali kwa Kiswahili nacho kinamjibu kwa Kiswahili, mara nyingi sahihi, mara nyingine uongo mtupu kwa lugha nzuri. Siku moja alikiuliza namna ya kusonga bada. Bibi yake alikuwa amekaa hatua mbili kutoka pale, ungo mapajani. Kikajibu kwa hatua sita, kwa utaratibu. Mke wangu alisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Na huyo alipikia wapi?" Mjukuu hakuwa na jibu, nami pia sikuwa nalo. Sidhani kifaa kile kina ubaya kuliko mtoto wangu wa meza. Lakini baba alipoigeuzia redio nje alipata watu arobaini wa kubishana nao. Mjukuu wangu ameigeuzia simu uso wake, amevaa vile vya masikioni, na mtu pekee wa kubishana naye ni simu yenyewe, ambayo haibishi.

Mwaka jana wahitimu wa chuo chetu walinitia katika kundi lao la WhatsApp. Humo nilimkuta yule kijana wa hisabati, sasa mwenye mvi, mkuu wa shule ya sekondari. Nilikaa na namba yake miezi mitano. Kisha jioni moja nilimpigia. Akaniamkia, nikamwitikia, tukaulizana habari za watoto na mvua, mpaka nikaona kwamba nisiposema sasa sitasema tena. Nikamwambia kwamba ile simu ya mwaka 2004 niliisikia ikiita, nami nikaizima kwa mkono wangu. Hilo hakuwahi kulijua. Alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani salio limekwisha.

"Mwalimu," akasema, "hapa ofisini kwangu ninazo kumi na nne katika mtoto wa meza. Wizara hairuhusu, nami nazinyang'anya kama wewe."

Sikujua la kumjibu.

"Lakini siziziimi," akasema. "Ikiita, napokea mimi."